Ziara ya Mji Mkuu wa Kilundwa

Mwanzoni tulipangiwa kwenda Kilwa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kijiji chetu hakikuwa na mipango. Mwaka ule wa sabini na sita tulikuwa na mipango ya kutosha kuwagawia na jirani zetu wa Tindiga. Tulichopungukiwa ni mahindi tu.

Bwana Utamaduni wa wilaya, jina lake Vitalis, alitoka Kilosa kwa baiskeli ya serikali, akaikusanya halmashauri ya kijiji chini ya bati la ofisi, akatuambia kwamba mkoloni alitudanganya. Alituaminisha kuwa Mwafrika hakuwahi kuwa na mji, kumbe miji tulikuwa nayo, tena mikubwa. Huko Kilwa palikuwa na mji mkuu wa majumba ya mawe, watu wakila kwenye sahani za Uchina, na magofu yake yangalipo. Sasa kila kijiji cha ujamaa kitachagua wajumbe, wakazuru magofu ya kale, warudi na picha na ngonjera za kuonyesha siku ya Sabasaba. Tulipiga makofi. Siku zile tulikuwa tunapiga makofi kwanza na kuuliza baadaye.

Mwenyekiti wetu, Mathayo, ndiye aliyeuliza.

"Ndugu Vitalis, hao watu wa Kilwa walihamishwa na operesheni gani?"

"Hawakuhamishwa. Waliondoka wenyewe, kidogo kidogo, zamani sana."

"Wenyewe tu? Bila lori?"

"Bila lori."

"Basi kweli walikuwa wameendelea," akasema Mathayo, akaketi.

Vitalis alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa ya sura tu. Alipojitambulisha kuwa ni Mnyamwezi wa Tabora, Mathayo aliruka kitini. Mnyamwezi kwetu Wasagara ni mtani, tangu enzi za misafara. Akaambiwa papo hapo kwamba babu zake walipita hapa na mizigo vichwani wakatuibia kuku. Naye akajibu kwamba babu zetu walikaa njiani kama kupe wakidai hongo kwa kila anayepita, na kwamba anaona tabia haijaisha. Tukacheka. Nilimpenda kidogo kwa jibu lile, ingawa sikumwambia.

Mimi nilikuwa katibu, si kwa sababu ya uzalendo, ila nilisoma misheni hadi darasa la sita na mwandiko wangu haukuwa wa kuaibisha. Jina langu ni Magreti, lakini watu wote waliniita Mama Hilda, ingawa Hilda mwenyewe hakuwepo. Binti yangu Hildegarda alikufa kwa surua akiwa na miaka minne, tukamzika Kilundwa, kijiji chetu cha zamani kule mlimani, mwaka wa sabini na nne. Tukiwa bado tumekaa matanga, malori ya Operesheni, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, yakafika. Nilimwomba mkubwa wa msafara atuachie wiki moja tuanue tanga. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba maendeleo hayangoji msiba. Walipakia vyungu vyetu, kuku wetu na sisi wenyewe, kisha wakayachoma moto mapaa ya nyumba ili tusipate hamu ya kurudi. Baba yake Hilda alikuwa Kimamba kwenye mkonge. Alipopata habari alilia sana, halafu akaoa mke mwingine hukohuko, Mungu amzidishie.

Kwetu Kilundwa tanga huanuliwa kaburini. Mtani humwaga pombe ya mtama juu ya mawe, humkejeli marehemu ili aende zake bila kinyongo, ndipo mfiwa ananyolewa nywele na kuvua kaniki. Haifanyiki uani, wala haifanyiki ofisini. Kwa hiyo miaka miwili nilikuwa bado ndani ya kaniki ileile, na nyumba nzima imefungwa pamoja nami. Anastazia, binti wa kaka yangu Simoni, alikuwa amechumbiwa na Cornel wa Msowero, lakini ngoma ya harusi haipigwi kwenye nyumba yenye tanga. Cornel alisubiri msimu wa kwanza, akasubiri wa pili, sasa alikuwa anaonekana mara kwa mara Magole ambako hakuwa na shamba wala shangazi. Simoni alijaribu kupanda mlimani kwa miguu na kibuyu cha pombe. Mgambo wa darajani wakamkamata kwa kosa la kurudi nyuma, akaadhibiwa kuchimba choo cha ofisi ya kata. Ni choo kizuri, na watu wamekisifu.

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu wakati Vitalis anatueleza habari za sahani za Uchina.

Safari ya Kilwa ikafa kwa sababu ya mafuta. Lori lilikuwepo, dereva alikuwepo, na barabara nayo inasemekana ilikuwepo wakati wa kiangazi. Dizeli ndiyo iliyokosekana. Vitalis alirudi baada ya muda, amejaa vumbi na huzuni, akasema wilaya inaweza kutoa mafuta ya kufika Mikumi na kurudi, basi. Mathayo akapendekeza tuzuru huko Mikumi tuwaone tembo, maana wao walitutembelea kila mahindi yalipokomaa na si adabu kutorudisha ziara.

Vitalis hakucheka. Alikunjua ramani mezani na kushusha sauti.

"Ndugu zangu, Kilwa hatuihitaji. Iko ndege ndogo inayohesabu wanyama wa Mikumi. Rubani alipotezwa na ukungu, akapita juu ya milima hii hapa. Mnajua aliona nini? Misingi ya mawe, safu kwa safu. Matuta ya kuzuia udongo ubavuni mwa mlima. Barabara ya katikati. Na mtu hakuna hata mmoja! Nimeitafuta ramani yote, mlima huu hauna kijiji. Huu ni mji mkuu wa kale, wa dola ambayo haijaandikwa kwenye kitabu chochote."

"Mlima wenyewe unaitwaje?" nikauliza, ingawa kidole chake nilikuwa nakiona kilipo.

"Wenyeji wanauita Kilundwa."

Halmashauri yote ilitoka Kilundwa. Ramani ya Vitalis ilikuwa mpya, ilichorwa baada ya Operesheni, na yeye mwenyewe alihamia Kilosa juzijuzi. Sikumlaumu. Miaka miwili ya mvua juu ya nyumba isiyo na paa inatosha kabisa kumfanya mtu awe wa kale. Nilimtazama Mathayo, naye alikuwa anatazama viganja vyake. Ile barabara ya katikati ilikuwa njia ya mbuzi wake.

"Tumewahi kusikia," Mathayo akasema hatimaye. "Wazee walikuwa wanasema palikaa watu."

"Watu gani?"

"Wakubwa sana."

"Na walikuwa na makaburi," nikasema.

"Makaburi!" Vitalis akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ya watawala?"

"Baadhi yao."

Akatuahidi lori, kibali chenye mhuri, na kamera ya wilaya. Alipoondoka tulikaa pale ofisini tukitazamana kama watoto walioachiwa sufuria ya maziwa. Miaka miwili tumeomba ruhusa ya kwenda kufagia makaburi ya wazazi wetu, tukaambiwa tunavuta nchi nyuma. Sasa serikali ilikuwa inatupeleka kwa lori, tuimbe njiani. Mathayo akatoa sheria moja tu ya safari: tukifika kule, mtu asithubutu kusema "kwangu".

Mipango ilianza. Vitalis alitaka historia ya dola, kwa mdomo wa mzee wa kike, kwa sababu vitabu vya siku hizi vinataka mzee wa kike. Tukampa Bibi Paulina, fundi wa pombe. Alimsalimu shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, akamtajia wafalme mmoja baada ya mwingine pamoja na tabia zao: huyu alikuwa mkaidi, huyu alipenda kulala mlangoni, huyu alikuwa na nguvu lakini alikufa kwa kula mihogo michungu. Vitalis aliandika yote. Bibi Paulina alifuga mbuzi wengi maishani mwake na hakumsahau hata mmoja.

Pombe tuliiingiza kwenye mpango wa ziara kama kinywaji cha asili kwa ajili ya maonyesho. Wembe sikuuandika popote; niliutia kwenye kitambaa nikaufunga kiunoni. Anastazia alijifua sauti kwa ajili ya ngonjera inayowasifu mababu kwa kujenga ujamaa kabla ya ujamaa, na usiku alilia kwa sababu Cornel alikuwa ameonekana tena Magole. Ngonjera ile ilikuwa na beti nyingi kuliko subira ya msikilizaji yeyote. Vijana wa jembe wakaahidiwa kuwa hawatakatwa siku ya kazi, ghafla kila kijana akawa mpenzi wa mambo ya kale.

Kilichotukaba koo ni mtani. Tulikuwa na gari, pombe na kibali chenye mhuri. Mtani wetu wa siku zote, mzee Samweli wa reli, alikuwa amestaafu na kurudi kwao Urambo. Aliyebaki ni mmoja tu, naye ndiye hasa hatukuweza kumwambia. Simoni akasema tufanye bila mtani. Mungu ataelewa, Mungu naye anaijua Operesheni. Nilikubali shingo upande. Tukapanga kwamba Mathayo atampitisha Vitalis kwenye mabaki yote ya upande wa juu, amchoshe na maelezo, wakati mimi na Simoni tunateremka nyuma ya nyumba yangu, kwenye kaburi la Hilda, tumwage pombe upesi naye aninyoe.

Siku ya safari tulipanda lori kwa nyimbo. Darajani mgambo walisimama. Ndio walewale waliomkamata Simoni. Vitalis akawaonyesha kibali, wakapiga saluti, na Simoni, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na kibuyu, akawapokelea saluti ile kwa mkono wa kulia, taratibu, kama mkuu wa majeshi. Nilimfinya asizidishe.

Lori liliishia kijitoni, tukapanda kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa njia yenyewe. Miguu ilikuwa inajua kila jiwe. Wanawake waliacha kuimba bila kuambiwa, na Vitalis akafurahi, akasema kimya kile ni heshima kwa mababu. Tulipotokea juu, nyasi zilikuwa zinafika kiunoni, kuta za udongo zimeyeyuka, na misingi ya mawe imebaki imejipanga ile mistari aliyoiona rubani. Bibi Paulina alitembea moja kwa moja hadi jikoni kwake, akasimama mahali pa mafiga, akakumbuka sheria ya Mathayo, akaondoka.

Vitalis alikuwa na furaha ya mtoto siku ya sikukuu. Alitembea na kamera akituelimisha. Msingi wa kanisa la misheni ulikuwa ikulu. Jiwe la kusagia la mama mkwe wa Simoni lilikuwa la ibada, na alama zilizokuwa juu yake zilitokana na kafara. Zizi la Mathayo lilikuwa ukumbi wa baraza. Aliona wazi walipokaa mawaziri.

"Hapa je?" akauliza, akichungulia shimo lililozungukwa na mawe.

"Hapo," Mathayo akasema, akavua kofia, "waliweka vitu vyao vya ndani kabisa."

"Hazina!"

"Kila familia ilichangia."

Ilibidi niondoke kabla sijaharibu. Nilimshika Simoni mkono tukateremka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwepo. Mawe meupe niliyoyaokota kijitoni kwa mikono yangu yalikuwepo yote, nyasi tu ndizo zilizoota katikati. Nilipiga magoti nikaanza kuzing'oa. Nilikuwa namwambia maneno ambayo si ya kuandika. Simoni alikuwa anafungua kibuyu tuliposikia sauti juu yetu.

"Msiguse!"

Hazina ya Mathayo haikumshika mtu yule muda mrefu kama tulivyotarajia. Vitalis aliteremka mbio, miwani puani, kamera inamrukaruka kifuani, na watu wote nyuma yake.

"Kaburi! Mama Hilda, umelipata! Tazameni mawe haya, yamechaguliwa, hayatoki hapa. Huyu hakuwa mtu wa kawaida." Akapima kwa hatua, akasimama. "Fupi. Mnaona lilivyo fupi? Nimesoma habari hizi. Watawala wa kale walizikwa wameketi, na vyombo vyao miguuni."

Tulimlaza kwa ubavu, ndani ya kanga yangu, kama alivyozoea kulala.

"Leo hii naandika Dar es Salaam," akaendelea. "Wataalamu watakuja kulifukua kabla ya masika. Mifupa itawekwa kwenye kioo, nchi nzima imwone."

Mathayo alinikonyeza. Nilimwelewa vizuri kabisa: nyamaza, Mama Hilda, tuteremke salama, tutatafuta njia nyingine. Alikuwa na haki ya kuogopa. Kwa uongo tulioufanya, kijiji kizima kingechimbishwa vyoo vya tarafa nzima. Ila mimi nilikuwa nimeshaiona ile mifupa kwenye kioo, na watoto wa shule wakipita mbele yake wanakula karanga.

Vitalis alifungua daftari lake, akanigeukia mimi kwa kuwa ndiye katibu.

"Wazee wanamkumbuka mtawala huyu?"

"Wanamkumbuka."

"Alitawala miaka mingapi?"

"Minne."

"Michache. Aliuawa vitani?"

"Surua."

Akaandika. Kisha kalamu ikapunguza mwendo.

"Raia wake walikuwa wengi?"

"Mmoja. Mimi."

Akainua kichwa. Simoni alinishika bega, sijui kunizuia au kunisaidia.

"Aliitwa nani?" Vitalis akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Hildegarda."

Miezi yote ile alikuwa ananiita Mama Hilda, kila mkutano, kila salamu. Alinitazama mimi, akaitazama kaniki yangu, akalitazama kaburi. Halafu akageuka taratibu kuuangalia mji wake mkuu.

"Hii nyumba ya nani?"

"Kwangu," nikasema.

Na sheria ya Mathayo ikavunjika hapo. Bibi Paulina akasema kwake ni pale kwenye mafiga. Simoni akaonyesha kwake. Mathayo alikuwa wa mwisho, kofia bado mkononi.

"Ukumbi wa baraza ni zizi langu. Na ile hazina, Ndugu Vitalis, uniwie radhi, ni choo."

Vitalis alikasirika, nami namtetea hadi leo, alikuwa na haki. Alikuwa ameahidi wakubwa wake mji mkuu. Alikuwa amekwisha kuandika wafalme wote, yule wa mihogo michungu pia.

"Mmenidanganya. Mmechukua lori la serikali na mafuta ya serikali kwa uongo. Mnajua nikisema mtafanywa nini?"

"Tunajua," Mathayo akasema. "Lakini wewe ni mtani. Mtani hashtaki."

"Mimi ni ofisa!"

"Ofisini," akasema Simoni. "Hapa kaburini wewe ni Mnyamwezi." Akamnyoshea kibuyu.

Kumkatalia mfiwa kaburini si jambo ambalo mtani anaweza kulifanya halafu akarudi kwao kutazamana na baba yake, na Tabora wanalijua hilo kama sisi. Vitalis aliweka daftari kwenye nyasi. Akaweka kamera juu yake. Alipopokea kibuyu alinisogelea karibu.

"Mama Hilda, nimewatania wazee, nimewatania masheikh na mapadri. Mtoto wa miaka minne nitamtania nini?"

"Alikuwa mchoyo wa karanga," nikamwambia. "Na hakupenda kuoga."

Akamwaga pombe kichwani mwa kaburi, akaanza, mwanzoni kwa sauti ya ofisi, baadaye kwa sauti ya kwao.

"We Hildegarda! Mchoyo wa karanga, mchafu usiyeoga! Umejilaza mlimani hapa kama malkia, wenzio wanapalilia shamba la ujamaa kwenye jua. Nani kakupa likizo? Mama yako amevaa kaniki mpaka tembo wa Mikumi wanamkimbia. Dada yako anataka kuolewa, mchumba amekwisha kuota mizizi Magole kwa ajili yako. Toka hapo miguuni mwa watu! Nenda zako, usirudi kudai karanga, hazipo, tumepeleka ghala la kijiji. Mwachie mama yako. Umesikia? Mwachie."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyeanza, kicheko kilinitoka kwa nguvu hadi nikashika tumbo, na sijui ni wakati gani kiligeuka kilio. Anastazia alininyoa kijitoni. Kaniki niliiacha ichukuliwe na maji.

Niliporudi juu nimefunga kitenge cha maua cha Bibi Paulina, watu walikuwa wanafagia makaburi ya wazazi wao waziwazi, kila mtu kwao. Vitalis alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yangu, daftari magotini. Nikasimama mbele yake, kichwa kinahisi baridi.

"Nimekwama," akasema. "Habari za rubani zimeshafika juu, kwa hiyo taarifa lazima niandike. Nikiandika palikuwa na mji mkuu, watakuja na majembe, na kaburi la kwanza watakalochimba ni hili, kwa kuwa ni zuri. Nikiandika kwamba ni kijiji chenu cha juzi, wataniuliza mmefikaje huku, mtaadhibiwa, na mgambo watapandishwa wakae hapa hapa. Na mgambo hawalali bila kuni na mawe ya mafiga, na mawe watayatoa makaburini."

"Na hakuna njia ya tatu?"

"Ipo." Hakunitazama. "Naandika kwamba nimefika, nimekagua, ni mawe ya asili tu. Rubani alidanganywa na ukungu. Hapo hatakuja mtu tena. Ila itakuwa imeandikwa hivyo, Mama Hilda, kwa mhuri. Na katibu wa kijiji atie sahihi kuwa ameshuhudia."

Alikuwa anautupa mji mkuu wake, jambo la pekee alilowahi kuligundua, nami nilimwonea huruma. Lakini aliponyosha kalamu nilielewa nilikuwa naombwa kitu kikubwa kuliko chake. Wale wa malori walichoma mapaa tu.

"Andika," nikamwambia.

Akaandika, akanipa, nikatia sahihi kwa mwandiko wangu wa misheni. Kisha nikamwomba anisomee, maana macho yangu hayakuwa yanaona vizuri.

"'Eneo la Kilundwa limekaguliwa,'" akasoma. "'Hapajawahi kuishi mtu.'"

Nikamwambia arudie. Aliporudia nikaketi kando yake kwenye kizingiti, mahali nilipozoea kukaa nikimmenyea Hilda karanga, nikalia mpaka dereva alipopiga honi kule chini.